Wale Waliotuombea Naviundu

Mara ya kwanza kuombewa kama malaya nilikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane, mama wa watoto wanne waliokwisha kuoa na kuolewa, na nilikuwa nimepakata mfuko wa unga.

Ilikuwa Jumamosi mchana, majira ya mvua. Nilikuwa narudi sokoni, mvua ikanikamata karibu na daraja la mto Naviundu, nikakimbilia kibaraza cha baa kwa sababu hapakuwa na paa lingine. Nikaketi kwenye kiti cha plastiki, mfuko magotini, nikaufunika kwa kitenge changu ili unga usilowe. Wanawake watatu wa pale baa walikuwa wameketi kando wakisukana nywele. Tulisalimiana. Ndipo kombi nyeupe iliposimama na wamisionari wakashuka.

Walikuwa mume na mke, wazungu kutoka nchi moja ya baridi. Walifuatana na pasta wa hapa hapa Lubumbashi aliyekuwa mfasiri wao, mtu mwenye viatu vya ncha na suti iliyombana mabega, na nyuma yao vijana wa kwaya waliovaa fulana za rangi moja. Waliimba wimbo, wakapiga makofi, kisha yule mzungu akaja kwangu moja kwa moja. Sijui kwa nini alianza na mimi. Labda nilikuwa karibu na ngazi. Labda kwake kila mwanamke aliyeketi mbele ya baa ni yule yule. Akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, kiganja kizito chenye joto, akaanza kuomba kwa Kiingereza. Pasta alifuatisha kwa Kiswahili kwa sauti ya kushindana na mvua, akimwamuru pepo wa umalaya anitoke tumboni, anitoke kiunoni, aitoke na miguu yangu inayokimbilia dhambi. Miguu yangu siku ile ilikuwa imevimba. Haikuwa inakimbilia kitu chochote.

"Pasta," nikasema, "miye niko mama wa nyumba yangu. Niko nangojea mvula ipite."

Hakufasiri. Nikarudia kwa Kifaransa, maana nilisomeshwa na masista na Kifaransa changu si cha kuokota njiani. Pasta akainama kwenye sikio la mzungu akamwambia kwa Kiingereza kwamba ninakana, na kwamba mara nyingi huanza kwa kukana. Hakujua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Kitwe, Zambia, kununua sabuni na mafuta, na kwamba Kiingereza cha kupatana bei kinatosha kabisa kuelewa matusi. Mzungu alitikisa kichwa kwa huzuni, akanibonyeza zaidi. Wale wanawake watatu walicheka hadi mmoja akaangusha kitana matopeni.

Walipomaliza na mimi wakawaendea wao, mmoja mmoja. Kisha yule mke, mwanamke mwembamba mwenye shingo nyekundu ya jua, akatoa mkobani kichupa cha dawa ya kuua vijidudu, akammiminia mumewe mikononi, akawamiminia vijana wa kwaya, akajimiminia mwenyewe. Walijipaka huku wakiendelea kuimba. Hawakujificha. Hawakuona kitu cha kuficha.

"Umeona?" mmoja wa wale wanawake akaniuliza. "Shiye tunapata baraka, bao banapata dawa."

Huyo aliyesema hivyo alikuwa mpangaji wangu.

Sharti niseme kwanza jambo moja juu ya ukoo wetu. Sisi ni watu wa dharau. Babu yangu alitoka kaskazini ya Katanga kuja kuchimba shaba, baba yangu akaingia kazi ya reli, tukakulia katika nyumba za matofali za kambi, na baba alidharau watu kama wengine wanavyopiga chafya, bila kukusudia na bila kuomba radhi. Aliwadharau waliokula kabla ya kusali, waliosali kwa kelele, waliovaa kofia ndani ya nyumba. Nilirithi viti vyake viwili na tabia hiyo. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba wamisionari ndio walionifundisha. Walinipa tu kazi nyingi.

Mpangaji wangu aliishi katika chumba cha nyuma ya ua wangu. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mtoto wa mjini, baba yake naye alikuwa mtu wa reli. Ndiyo sababu nilimpa chumba. Alikuwa ameolewa kwa ndoa ya kanisa na karani mmoja wa forodha kule Kasumbalesa. Siku moja karani alivuka upande wa Zambia kikazi, akabaki huko na mwanamke mwingine. Ndugu za mume wakaja na lori wakabeba vitanda, sufuria, televisheni, hata mlango wa jiko. Mtoto wao wa kike akapelekwa Likasi kwa bibi yake, mama wa mpangaji wangu. Yeye akajaribu kuchoma kuku kando ya barabara, kuku wakamshinda, akaingia baa. Aliponieleza haya hakulia wala hakujitetea. Alisema tu, "Yaya, njo vile ilikuwa," akaniomba kiberiti.

Aliniita yaya, dada mkubwa, ingawa ningeweza kumzaa. Jumapili alikwenda misa ya kwanza, ile ya alfajiri, akaketi nyuma ya nguzo. Wanawake wa parokia yetu walijua. Akija benchi moja nao, walikumbuka ghafla kwamba walitaka kuwa karibu na kwaya. Nao pia niliwadharau, lakini wao niliwazoea. Nilikuwa nimeanza kuwadharau tangu ujana wetu.

Wamisionari walirudi kila Jumamosi. Wenye baa hawakuwafukuza, kwa sababu watu walikuja kutazama, na anayetazama hushikwa na kiu. Waliimba, waliwekea watu mikono, walipiga picha. Sikuwahi kuwasikia wakimwuliza mwanamke yeyote jambo lolote ambalo hawakuwa na jibu lake tayari. Waliuliza, "Unataka kuwa huru?" Nani atasema hapana? Hawakuuliza, "Umekula?" Hawakuuliza una watoto wangapi, wanalala wapi, nani alikuumiza jino hilo.

Mpangaji wangu hakuwa na kinyongo nao. Hili lilinikera kuliko wao wenyewe. Alipenda nyimbo zao, akazijua, akaziimba akiosha nguo uani.

"Ile wimbo iko muzuri, yaya. Muache kununa."

"Watu wale hawakuoni," nikamwambia.

"Na weye unaniona? Tangu niingie hapa, haujaniuliza mutoto wangu iko darasa gani."

Ilikuwa kweli. Nikamwuliza. Alikuwa darasa la nne, na alikuwa wa kwanza katika hesabu.

Mwishoni mwa majira ya mvua wakamwahidi jambo. Walikuwa wamepanga nyumba kubwa huko Karavia, yenye ukuta mrefu na majani ya kijani yaliyokatwa kama nywele za askari, ili kuwaweka wanawake waliokubali kuacha baa. Mle ndani watafundishwa kushona na kusoma Neno, na wenye watoto wataishi na watoto wao. Hili la mwisho ndilo lililomchukua. Alifunga mzigo wake siku ile ile, akaniachia jiko la makaa na ufunguo.

"Beko bantu ya Mungu, yaya," alisema, akipanda ile kombi. "Hata kama banasumbua."

Baada ya majuma machache nilikwenda kumtazama, nikiwa nimechukua matembele na samaki wakavu wadogo anaowapenda. Mlinzi aliniacha nisimame juani. Kisha pasta wa viatu vya ncha akatoka, akanitazama, akasema mabinti hawaruhusiwi kupokea watu wa maisha yao ya zamani. Simu zao zimehifadhiwa ofisini kwa sababu hiyo hiyo.

"Mimi ndiye mwenye nyumba aliyopanga," nikasema.

"Ni hivyo, mama. Maisha ya zamani."

Nikamwuliza basi kama samaki nao ni wa maisha ya zamani. Akawapokea samaki. Sikuambiwa kama walimfikia.

Niliingia ndani ya ukuta ule mara moja tu kwa mwaliko. Walipata wageni kutoka ng'ambo, watu waliokuwa wakiitegemeza nyumba ile, na kila binti aliruhusiwa kumwalika mtu mmoja. Mpangaji wangu aliniita mimi. Walisimamisha hema bustanini, na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe kama vya harusi. Pasta alipokuwa akisalimia waalikwa akanikazia macho, akanikumbuka kutoka kibarazani, uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Mama, nawe umeokoka?"

"Mvua ilipita," nikamjibu.

Mabinti walitoka nyumbani kwa mstari wakiwa wamevaa magauni meupe yenye mikono mirefu. Jua la Lubumbashi wakati ule hukausha hata mate. Mpangaji wangu alikuwa amekonda, nywele zake zimenyolewa chini kabisa. Macho yake yalinitafuta, yakanipata, akatabasamu. Zamu yake ilipofika akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili chetu, bila haraka:

"Miye nilizaliwa hapa hapa Lubumbashi. Baba yangu alitumika ku reli. Bwana yangu aliniacha, akaenda Zambia na mwanamuke mwengine. Bandugu yake bakabeba bintu yote ya mu nyumba. Nikaenda kutumika ku baa. Haikuwa kazi ya muzuri, lakini mutoto wangu alikula, alisoma. Sasa nataka kukaa naye. Ni vile tu. Aksanti."

Nilijivunia. Hakuongeza, hakupunguza. Kisha pasta akachukua kipaza sauti kufasiri, akafumba macho.

Kwa Kiingereza cha pasta, mpangaji wangu alizaliwa msituni. Mjomba wake alimuuza kwa mganga akiwa bado hajaota meno ya pili. Aliogeshwa damu mtoni, akaolewa na nyoka. Nyoka alimwamuru aende mjini awaharibu wanaume, na wanaume aliowaharibu walikuwa wengi kama mchanga. Alizaa mtoto, akataka kumtoa sadaka, lakini Jumamosi moja alisikia wimbo kutoka kombi nyeupe na yule nyoka akamtoka kwa mdomo. Pasta alieleza urefu wa nyoka kwa mikono yake.

Mpangaji wangu alisimama kando yake, kipaza sauti kimemtoka mkononi, akitikisa kichwa kwa adabu kila alipotazamwa, akidhani wanasikia habari za mlango wa jiko. Wageni walilia. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya majani alivua kofia. Yule mke wa mmisionari akainuka kitini mwake, akamkimbilia, akamkumbatia, akalia begani pake kwa muda mrefu, kilio cha kweli, chenye kamasi. Hata mimi niliona ni cha kweli. Nilimdharau hata hivyo. Miezi mingi ya kuja Naviundu, na hakuwa amejifunza Kiswahili cha kutosha kujua kwamba "reli" si "nyoka".

Walipoanza kugawa vinywaji nilimvuta mpangaji wangu nyuma ya tangi la maji.

"Nilisema muzuri, yaya?"

"Ulisema vizuri sana. Unajua pasta amesema nini?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza, mkono mdomoni. Nilipofika kwenye nyoka alicheka, akajizuia, akacheka tena. Kisha akatazama kanda za viatu vyake.

"Mutoto wangu nilitaka kumuchinja?"

"Ndivyo alivyosema."

"Pasta iko na roho ya mubaya." Alipangusa uso. "Lakini ule mama alilia juu yangu, yaya. Mama muzima na bwana yake na gari yake. Tangu bwana yangu aende, hakuna muntu alilia juu yangu. Hata mama yangu alinikasirikia tu."

"Alimlilia mwanamke wa nyoka. Si wewe."

"Machozi ilianguka ku bega yangu."

Nilimwambia tufungashe vitu vyake tuondoke. Akakataa. Walikuwa wamempa ahadi kwamba mwezi ule mtoto atakuja. Yuko tayari kuolewa na nyoka mara mbili, alisema, mradi mtoto aje.

Mtoto alikuja kweli. Bibi yake alimleta kutoka Likasi kwa basi, na kwa kuwa hakuijua njia ya Karavia walifikia kwangu. Bibi alikuwa mama mzee wa Kikatoliki, mfupi, mwenye rozari shingoni na kitenge kilichopigwa pasi hadi kinang'aa. Mtoto alikuwa amevaa sare ya shule ingawa ilikuwa likizo, kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri. Alikuwa na begi la mgongoni na ndani yake, alinionyesha, madaftari yote ya mwaka mzima ili mama yake ayaone. Nikawasindikiza.

Mlango ulifunguliwa na mpangaji wangu akatoka mbio. Sitaandika jinsi walivyoshikana. Wenye watoto wanajua, na wasio nao hawatajua kwa kusoma.

Kisha wamisionari wakatoka, mume na mke, na pasta nyuma yao. Mke alipiga magoti, akamshika mtoto mashavu, akasema jambo zuri. Mume akaeleza utaratibu, na pasta safari hii akafasiri sawasawa, maana jambo lenyewe lilikuwa baya vya kutosha. Mtoto hatakaa katika nyumba hii. Nyumba hii ni ya mama waliokombolewa, ambao bado wanapigana vita vya rohoni. Mtoto atapelekwa kwenye kituo cha marafiki wao nje ya mji, mahali pazuri, penye hewa. Mama atamtembelea kila baada ya muda fulani, akionekana amekua kiroho.

"Mulisema tutakaa pamoja," mpangaji wangu akasema.

"Tulisema watoto watatunzwa," pasta akajibu.

"Hapana. Mulisema tutakaa pamoja. Huyu mama mwenyewe alisema, nilimuona kinywa."

Mke aliomba kufasiriwa. Alipofasiriwa akaonekana kuona haya, akamtazama mumewe. Mumewe akasema kwa upole, polepole, kama anayemwambia mgonjwa, kwamba ni kwa ajili ya kumlinda mtoto.

"Kumulinda na nani?"

Pasta hakungoja mzungu ajibu. "Na maisha yako ya zamani."

"Maisha yangu ya zamani njo ilimulisha," akasema mpangaji wangu. "Nafasi yangu mumupe mwenye kutaka. Ndugu, niletee simu yangu."

Hili alimwambia mlinzi, bila kupaza sauti, na mlinzi alikwenda akaileta. Alikuwa mtu wa kwanza katika nyumba ile niliyemwona akitenda jambo aliloombwa.

Hapo ndipo mmisionari alipofanya tendo ambalo hadi leo nikilikumbuka chai huniwia chungu. Aliwaita mabinti wengine na watumishi watoke, washikane mikono, wafanye duara pale langoni kutuzunguka, akaanza kuomba dhidi ya pepo wa uasi. Pasta alifasiri kwa nguvu zake zote. Bibi hakufuata maneno. Masikio yake yalikuwa mazito na siku ilikuwa imemchosha. Aliona watu wameshikana mikono, mzungu amefumba macho, akadhani ni baraka ya kuagana. Mama mzee yule akashika rozari yake, akapiga magoti juu ya kokoto, akainamisha kichwa, akasema amina kila walipovuta pumzi. Walimlaani binti yake, naye akasema amina.

Mpangaji wangu aliinama akamshika kwapani.

"Simama, mama. Hii haiko baraka. Simama, twende."

"Hawajamaliza," bibi akasema.

"Shiye tumemaliza."

Walitupisha. Wakati tunatoka nilimwona yule mke amefumbua macho peke yake ndani ya duara, ameachia mkono wa jirani yake. Midomo yake haikuwa inaomba. Sijui ilikuwa inafanya nini. Hakutufuata.

Tulitembea hadi barabara kuu, mpangaji wangu na lile gauni jeupe lenye mikono mirefu, mtoto ameshika pindo lake. Watu walidhani tumetoka ubatizoni, wakatupongeza. Bibi akawajibu wote asante.

Sitaficha lililofuata. Alirudi baa. Bibi alibaki kwangu na mtoto, wote watatu katika kile chumba kimoja, na yeye akarudi kwenye viti vya plastiki kando ya daraja, kwa sababu chumba kinataka makaa na makaa hayaombewi. Kombi nyeupe nayo ikaendelea kuja Jumamosi. Walipomwona tena pale hawakushuka. Walisimama ng'ambo ya barabara, wakafungua vioo, wakanyoosha mikono kuelekea kwake kutoka ndani ya gari, wakaomba, wakafunga vioo. Nilikuwa nanunua nyanya nikawaona. Muuza nyanya aliniuliza wale wanafanya nini. Nikamwambia wanapunga hewa.

Kazi aliipata mwenyewe. Karibu na daraja kulikuwa na depo ya mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, mlokole wa kwao, muuzaji wa jumla wa mchele, sukari na makayabo, yaani samaki wa chumvi. Hakuwa mtu mpole. Alifoka asubuhi hadi jioni, na karani wake alikuwa mlevi. Malori yakichelewa Kasumbalesa, madereva walikuwa wakija baa kunywa kabla ya kushusha mizigo, na ni mpangaji wangu aliyekuwa akiwaondoa vitini na kuwarudisha kwenye magari yao, maana walimwogopa. Mfanyabiashara aliliona hili. Siku moja yeye mwenyewe akavuka barabara, akasimama mbele yake.

"Unajua kusoma?"

"Nilimaliza sekondari."

"Unakunywa?"

"Ya bantu bengine, wakinunua."

"Kwangu hutakunywa. Kesho mapema."

Mazungumzo yalikuwa hayo tu. Hakumwuliza kama anataka kuwa huru. Kesho yake alimfokea kama alivyowafokea wengine wote, na mpangaji wangu akarudi nyumbani jioni akinuka samaki wa chumvi, amechoka, akaniambia kwamba mzee yule ni mshenzi na kwamba amempa kiti na meza.

Mwaka uliofuata binti yangu mdogo, anayeishi mtaa wa Karavia na mumewe, alinionyesha picha katika simu yake. Wamisionari walikuwa wameiweka kwenye ukurasa wao. Alikuwa ni mpangaji wangu katika gauni jeupe, kipaza sauti mikononi, na chini yake maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba dada huyu, kwa nguvu ya maombi, ameacha umalaya na leo ana kazi ya heshima. Sijui walijuaje kuhusu kazi. Labda walimwona depo wakipita. Watu wengi sana walikuwa wameandika amina.

Niliichukua simu ile, nikaenda nayo depo kwa hasira. Aliitazama picha ile akiwa amesimama kati ya magunia, akaikuza kwa vidole viwili.

"Nilikonda vile?"

"Wanasema ni wao waliokuokoa."

"Waseme."

"Wanakuuza, mtoto. Wanakuuza kuliko baa ilivyokuuza."

Akanirudishia simu. "Yaya, weye ungekuwa Mungu, hii dunia ingeisha zamani. Usingemubakisha hata muntu moya wa kupika bukari." Kisha akasema, kwa sauti nyingine, "Ule mama alikuja hapa. Sikukuambia, juu ulikuwa utamufukuza."

Yule mke alikuja peke yake, alinieleza, bila mume wala pasta, siku chache kabla ya kurudi kwao. Aliteremka kwenye teksi. Alikuwa amejifunza maneno machache ya Kiswahili, ya kitabuni, akasema "pole" na tena "pole". Mpangaji wangu akampa kiti chake, akamtafutia munkoyo baridi, kinywaji chetu cha mahindi, akamwita mtoto aliyekuwa amefika kutoka shule. Mtoto akamfungulia daftari la hesabu. Yule mama akatazama ukurasa mmoja mmoja hadi mwisho, hesabu zote, hata zile zilizopigwa mstari mwekundu. Lori likaingia, mpangaji wangu akaenda kulipokea, na aliporudi mgeni alikuwa bado anafungua kurasa.

"Aliomba?" nikauliza.

"Hapana. Alikunywa munkoyo, akaenda."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyopenda. Ilimchukua mwanamke yule mwaka na zaidi, tiketi za ndege, nyumba yenye ukuta na kombi nyeupe, kufika mahali ambapo jirani yeyote hufika kwa kuvuka ua: kuketi, kupokea kikombe, kutazama daftari la mtoto. Wengine husema ni vizuri kwamba alifika. Mpangaji wangu husema hivyo. Mimi nasema alichelewa, na kwamba mumewe na pasta hawajafika hadi leo. Pasta sasa ana kombi yake mwenyewe, ya bluu, na hufanya kazi upande wa Kasumbalesa, ambako foleni ya malori ni ndefu na wanawake ni wengi.

Mpangaji wangu amehama. Amepanga nyumba ya vyumba viwili mtaa wa pili, ana mlango wa jiko wenye kufuli. Bibi alirudi Likasi kwa sababu hakupenda maji yetu. Jumapili mama na binti hunipitia twende misa, naye huketi popote anapotaka, mara nyingi mbele kabisa, na akisikia wimbo mzuri huimba kwa sauti hadi watu hugeuka. Mimi hukaa pembeni yake nikiwatazama hao wanaogeuka.